Neema ya Sehemu ya Kumi ya Sekunde

Kifo cha kwanza kilinikuta kwenye miiba. Cha pili, miiba ileile. Cha tatu kilikuwa shimoni, hata kabla sijaifikia miiba, kwa sababu sasa nilikuwa na hasira na mwenye hasira haangalii anapokanyaga. Mpwa wangu, aliyekuja kwetu kwa likizo ya Desemba, alikuwa amekaa mkekani pembeni yangu akila karanga na kuhesabu kwa sauti. "Mjomba, umekufa tena." Alipofika 27 alichoka kuhesabu, akatoka nje kucheza mpira. Mimi nikabaki na padi yangu mkononi.

Gemu yenyewe inaitwa Celeste. Ilitoka tarehe 25 Januari 2018, kazi ya Maddy Thorson na Noel Berry waliokuwa Vancouver, Kanada, wakishirikiana na wachoraji wa Brazili, Pedro Medeiros na Amora Bettany, na mtunzi wa muziki Lena Raine. Ni timu ambayo ungeipakia kwenye daladala moja na viti vikabaki. Hadithi yake haina maneno mengi: msichana aitwaye Madeline ameamua kupanda mlima, na ukimuuliza kwa nini, hana jibu la kukuridhisha. Kazi yako ni kumfikisha kileleni.

Kwa jicho la haraka utadhani ni gemu ya zamani. Picha ni za vijimraba, kama zile za Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambazo wengi wetu tulizijua kupitia mashine za katriji zilizochomekwa nyuma ya televisheni ya chogo. Ulimwengu wote wa Celeste umechorwa kwenye eneo la pikseli 320 kwa 180, kisha kila pikseli hukuzwa mara sita kwenda juu na mara sita kwenda pembeni ili kujaza skrini ya leo. Mwili wa Madeline, kwa hesabu ya kompyuta, ni kiboksi chenye upana wa pikseli 8 na urefu wa pikseli 11. Kiboksi hicho kidogo ndicho kilichonikosesha usingizi.

Madeline anajua mambo matatu tu. Anaruka. Anang'ang'ania ukuta mpaka nguvu zimwishie. Na akiwa hewani anaweza kuchomoka mara moja kama mshale, kuelekea upande wowote kati ya pande nane. Hawezi kuchomoka tena mpaka aguse ardhi, au aokote almasi ya kijani inayoelea hewani. Basi. Kwa sehemu kubwa ya safari hajifunzi pigo jipya la vita, hanunui upanga, haongezewi nguvu za ajabu kila akivuka mtihani. Kinachobadilika ni mlima.

Tazama nywele zake. Ni nyekundu. Akishachomoka zinageuka bluu, na akigusa ardhi wekundu unarudi. Mafundi wa gemu nyingine wangeweka kipimo kwenye kona ya skrini, kijibetri kinachojaa na kuisha, na wewe ungelazimika kukitupia jicho huku ukikwepa misumari. Hapa jicho lako liko kwa Madeline muda wote, hivyo taarifa imewekwa palepale lilipo jicho. Akichoka kung'ang'ania ukuta, mwili wake humetameta mwekundu. Kona za skrini zimeachwa wazi. Nilicheza karibu saa nzima kabla sijatambua kwamba nilikuwa nikisoma nywele za mtu kama dereva anavyosoma taa za breki za gari la mbele.

Lakini si nywele zilizonifanya nishike kalamu.

Mama yangu alishona sare za shule kwa miaka mingi. Kila sketi iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na upindo mpana kuliko ulivyohitajika, umekunjwa kwa ndani, ili mtoto akirefuka katikati ya mwaka mzazi aje ashushiwe bila kununua sare nyingine. Kwa nje huoni kitu. Sketi imenyooka, imekaa kiunoni, mtoto anajiona amependeza. Upindo uko ndani, unasubiri siku yake.

Celeste imejaa upindo wa namna hiyo.

Chukua kosa la kawaida kuliko yote. Madeline anakimbia kuelekea ukingo wa jabali, mbele yake pengo. Macho yanasema ruka sasa, kidole kinachelewa kidogo. Kwa haki ya kompyuta mguu umeshaacha jabali, na aliye hewani hana pa kujisukumia. Katika Celeste anaruka. Baada ya kuuacha ukingo, gemu inaendelea kumhesabu kama aliye ardhini kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Watengenezaji wa gemu wana jina la utani la hila hii: muda wa koyote, kwa heshima ya yule mnyama wa katuni za Kimarekani anayepitiliza ukingo wa genge na kuendelea kukimbia hewani mpaka atazame chini. Haikuanzia kwa Celeste, na wenyewe hawadai hivyo. Ila Berry na Thorson waliuweka hadharani msimbo unaomwendesha Madeline, na ukiusoma utakuta kwamba ndani yake muda huo umeitwa kwa neno ambalo kwetu lingekuwa neema. Katikati ya namba za kasi na mvutano wa ardhi, mstari mmoja unatamka kwamba neema ya kuruka ni sekunde 0.1.

Neno hilo lingeweza kuwa lolote. Programu ingefanya kazi vilevile kama lingekuwa "ucheleweshaji" au herufi tatu zisizo na maana. Aliyeliandika alikuwa anajua anachompa mtu.

Upande wa pili wa kosa hilo umeshonewa upindo pia. Ukiwahi kubonyeza, yaani ukibonyeza kuruka kabla mguu haujagusa chini, gemu haikudharau. Inakumbuka kwa kitambo kidogo kwamba uliomba kuruka, na mara tu Madeline anapotua, inakurusha. Ukiruka kichwa kikagonga kona ya dari, na kona imezidi kwa pikseli chache tu, anasukumwa pembeni taratibu na safari inaendelea. Ukichomoka kwa mlalo ukagota kwenye ncha ya jukwaa, anapandishwa juu yake. Ukikaribia kilele cha mruko wako na bado umeshikilia kitufe, uzito wa dunia unapunguzwa nusu, kwa hiyo anaelea pale juu kidogo zaidi ya anavyostahili, upate kuamua pa kutua. Na kile kiboksi cha pikseli 11? Miiba inapomtafuta, inapewa kiboksi kingine chenye urefu wa 9. Hata mwelekeo una maana: miiba inayotazama juu haimdhuru anayepaa, inamdhuru anayeshuka.

Linalonivutia kuliko yote ni dogo zaidi. Unapobonyeza kitufe cha kuchomoka, gemu nzima inasimama kwa sekunde 0.05. Utadhani ni kwa ajili ya uzito, kama ngumi ya filamu inavyosimama kabla ya kutua, na kweli inaleta uzito huo. Lakini upande wa kuchomokea husomwa baada ya kisimamo, si kabla. Maana yake, wakati ulimwengu umeshika pumzi, kidole chako cha kushoto bado kina nafasi ya kumalizia kuelekea juu-kulia. Kitendo kimoja, faida mbili, na mchezaji anaiona moja tu.

Haya yote sikuyajua nilipokuwa nacheza. Nilipovuka pengo nililokuwa nimechelewa kuliruka, nilijisifu. Niliona vidole vyangu vimeiva.

Mtu anaweza kusema huo ni ulaghai. Gemu inajitangaza kuwa ngumu, kumbe chini ya meza inakupitishia majibu. Sikubaliani. Vyumba vyenyewe ni vigumu kwelikweli, na neema haiondoi mwiba hata mmoja. Inachofanya ni kupatanisha vitu viwili visivyopatana kwa asili: nia ya mtu na saa ya mashine. Mimi niliona ukingo, nikaamua kuruka, nikabonyeza. Kati ya kuamua na kubonyeza kuna mwili, na mwili una ucheleweshaji wake. Mashine isiyo na neema ingenihukumu kwa ucheleweshaji huo. Hii inanihukumu kwa nilichokusudia. Ndiyo maana nikifa Celeste sijawahi kusema gemu imenionea. Nimesema mengine, ambayo mhariri hatayachapa.

Kuna chumba katika sura ya kwanza, mji uliohamwa chini ya mlima, ambacho nakikumbuka kama wengine wanavyokumbuka njia panda walikopata ajali. Mji huo una majukwaa yanayotembea kwenye reli, kila moja limebeba taa ndogo kama za barabarani. Ukiligusa linatikisika, kisha linafyatuka na wewe hadi mwisho wa reli. Mwanzoni nililitumia kama lifti: nikapanda, likanipeleka, nikateremka, nikaangukia miiba, kwa sababu pengo lililofuata lilikuwa pana kuliko mruko wangu. Vifo kumi vya namna hiyo. Kifo cha kumi na moja nilikosea, nikaruka mapema, jukwaa likiwa bado linakimbia. Madeline akatupwa mbele kama abiria wa mlangoni dereva anapokanyaga breki. Akapita juu ya miiba, akapita na jukwaa nililolitaka, akagonga ukuta wa mbali, akafa. Nikacheka peke yangu. Kumbe kasi ya jukwaa inaongezwa kwenye mruko.

Hakuna aliyeniambia. Hakuna maandishi yaliyojitokeza, hakuna mzee wa busara aliyetoka kichakani. Chumba kilipangwa ili kosa langu lenyewe linionyeshe. Majaribio machache baadaye nilijua kuruka jukwaa likikaribia mwisho wa reli, na hapo pia nilichelewa mara kadhaa bila kujua: gemu huikumbuka kasi ya jukwaa kwa kitambo hata baada ya jukwaa kusimama. Upindo mwingine.

Nikifa, je? Madeline anapasuka vipande vya rangi, skrini inafagiwa, na yuko tena mwanzoni mwa chumba kilekile. Hujamaliza kushusha pumzi. Kwa waliokulia kwenye vibanda vya gemu jambo hili lina uzito wa pekee. Sisi tulipewa maisha matatu. Yakiisha, unarudi mwanzo kabisa wa safari, na mara nyingi hurudi hata huko, kwa sababu nyuma yako kuna foleni na sheria ya kibanda inajulikana: ukifa, toa padi. Desturi hiyo ya maisha machache ilitokana na mashine za kumbini, zile zilizokula sarafu. Kifo chako ndicho kilichokuwa mapato. Gemu zilipohamia nyumbani sarafu ikaondoka, adhabu ikabaki kwa mazoea, miaka na miaka. Waliotengeneza Super Meat Boy mwaka 2010 walikuwa miongoni mwa waliofuta adhabu hiyo bila kupunguza ugumu, na Celeste imefuata njia hiyo. Vifo vinahesabiwa, ndiyo, na mwisho wa sura unaonyeshwa jumla yako. Lakini mapema safarini unapokea kadi ya posta inayokutia moyo ujivunie idadi hiyo, kwa kuwa kila kifo ni somo. Yangu ya sura ya kwanza ilikuwa 163. Nimejivunia kiasi.

Kufutwa kwa adhabu kunabadilisha namna mkono unavyofikiri. Mwenye maisha matatu hajaribu jambo la kijinga, na Celeste inafundishika kwa kujaribu mambo ya kijinga.

Sura ya pili inaleta wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora katika gemu nzima. Ndani ya kioo anatoka Madeline mwingine, mwenye nywele za zambarau na maneno makali, anayemwambia mwenzake kuwa mlima huu hauwezi. Kisha anaanza kumfukuza. Lakini hakufukuzi kwa akili yake. Anarudia kila ulichofanya, hatua kwa hatua, mruko kwa mruko, nyuma yako kwa kitambo. Ukisitasita, kusitasita kwako kunakufikia. Ukizunguka ukarudi ulikotoka, unakutana naye uso kwa uso, na anakutana nawe kwa njia uliyomchorea mwenyewe. Wanaoandika hadithi za watu wanaojipiga vita wenyewe hutumia kurasa nyingi. Thorson na Berry wametumia kanuni moja ya programu, na mchezaji anaielewa kwa vidole kabla ya kichwa.

Si kila mahali pana ufundi huo. Sura ya tatu, hoteli ya mzimu aitwaye Oshiro, ni ndefu kuliko hadithi yake. Kuna korido nilizipita kwa kuvumilia tu, na Oshiro ana maneno mengi. Na zile sura za ziada zinazofunguliwa kwa kuokota kaseti iliyofichwa, sura za upande B, ni za watu wenye vidole tofauti na vyangu. Wazo lake ni zuri: kama kaseti zetu za muziki wa dansi zilivyokuwa na upande wa pili, kila sura ina upande wake wa pili wenye vyumba vikali zaidi, na muziki wa Lena Raine ukiwa umepigwa upya na watunzi wengine. Nilisikiliza muziki. Vyumba nimewaachia vijana.

Niseme pia kwamba sehemu ya mateso yangu ilikuwa ya kujitakia. Padi yangu niliinunua ya mtumba, na mshale wake wa juu hukwama ukiwa na joto. Kwenye gemu yenye pande nane za kuchomokea, mshale wa juu unaokwama ni sawa na sindano iliyopinda. Fundi alinishauri ninunue nyingine. Nilimwambia aifungue, aifute vumbi, tuone.

Halafu kuna stroberi. Zimetawanywa mlimani, 175 katika safari ya kawaida, nyingi zikiwa mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hatii mguu. Hazikupi kitu. Hazifungui mlango, haziongezi nguvu. Mwishoni zinaingia kwenye pai ya Madeline, na pai inakuwa nzuri kadiri ulivyookota nyingi. Nyingine zina mabawa na huruka zake ukichomoka tu. Kuzifuata ni hiari, na hiari hiyo ndiyo inayoruhusu gemu moja itumike na watu wa viwango vingi: anayetaka kufika kileleni apite katikati, anayetaka kuteseka ateseke pembeni.

Mpwa wangu aliporudi kutoka uwanjani, miguu imejaa vumbi, nilikuwa bado katika sura ya nne nikipigana na upepo. Akaniomba padi. Nilimfungulia faili lake, nikamwonyesha sehemu ya mipangilio iitwayo hali ya usaidizi: unaweza kupunguza kasi ya gemu hadi asilimia 50, kuongeza michomoko, kuondoa uchovu wa ukutani, hata kumfanya Madeline asife. Hakuna anayekuzuia kuona mwisho wa hadithi kwa kuitumia. Kijana akachagua asilimia 80, hakugusa kingine. Alikufa mara nyingi, akavuka mji uliohamwa kabla ya magharibi, akarudisha kasi hadi 100 mwenyewe bila kuambiwa. "Mjomba, ile ya mwanzo ilikuwa inanichelewesha."

Kileleni nilifika siku ya tisa. Sura ya saba inakurudisha kwenye kila ulichojifunza, mita 500 kwa mita 500, majukwaa ya reli, vitalu vya ndoto, mawingu, upepo, na sehemu ya mwisho ina bendera zenye namba zinazohesabu kurudi nyuma kutoka 30. Nilipoiona bendera ya 3 umeme ulikatika. Gemu hujihifadhi yenyewe, kwa hiyo uliporudi usiku nilikuta sikupoteza chochote isipokuwa chai iliyokuwa jikoni.

Watu waliinunua: kabla mwaka 2018 haujaisha zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya 500,000, na kwenye The Game Awards za mwaka huo ikachaguliwa kuwa gemu bora ya watengenezaji huru. Lakini mbegu yake ni ya mwaka 2015, pale Berry na Thorson walipotengeneza Celeste ndogo kwa siku nne kwenye PICO-8, kompyuta ya kubuni inayoruhusu pikseli 128 kwa 128 na rangi 16 tu. Gemu hiyo ndogo imefichwa ndani ya ile kubwa, katika hoteli ya Oshiro, kwa atakayeitafuta. Msimbo wake nao uko wazi. Niliupitia nikitafuta jambo moja, nikalikuta: katika gemu iliyofanywa kwa siku nne, wakati hakuna muda hata wa kupamba, neno lilelile la neema lipo. Na neema yake ni kubwa zaidi: fremu 6, kwenye mashine inayoonyesha fremu 30 kwa sekunde.

Huna haja ya padi wala fedha kuianza. Hiyo ya 2015 inachezwa bure kwenye kivinjari cha intaneti, kwa mishale ya kibodi na vitufe viwili, kimoja cha kuruka na kimoja cha kuchomoka. Kilele kiko baada ya mita 3,000.